Ijumaa za Mama

Jumapili, Februari. Saa tatu asubuhi. Joto limeanza mapema, na mawingu yaliyoko juu ni yale ya kututia moyo tu. Yatakaa hapo mpaka mchana, kisha yaende zake kunyesha kwa wengine.

Nimefunga duka. Si kwamba naiheshimu Jumapili, ila hakuna mteja. Bariadi nzima iko kanisani. Kutoka hapa nilipokaa nasikia kwaya mbili kwa mpigo, moja upande wa stendi, nyingine nyuma ya soko, na zote mbili zinaimba vizuri kuliko ninavyopenda kukiri.

Niseme ukweli: naichukia saa hii kuliko saa zote za wiki. Siku nyingine naweza kujidanganya kwamba niko peke yangu kwa sababu nina kazi. Jumapili saa tatu asubuhi kisingizio hakuna. Hata kinyozi wa jirani, ambaye jana alilewa mpaka akamwacha mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu, leo nimemwona amechomekea, Biblia kwapani. "Tukuombee?" akaniuliza kwa utani. "Niombee wateja," nikamjibu. Tukacheka, akaenda zake.

Nikabaki.

Kwa mnaofika kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: naitwa Maduhu, nina miaka thelathini na sita, nina duka la steshenari. Natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote nachapa ratiba za mazishi. Siamini kwamba Mungu yupo. Ndiyo, mtu huyohuyo ndiye anayewachapia "Mungu amempenda zaidi" kwa herufi nzito, na hukagua mpaka nukta. Mke nilikaribia kumpata. Wazazi wake wa Lagangabilili walitaka ndoa ya kanisani, mimi nikataka ya serikali, yeye akataka mtu asiye na maneno mengi. Alimpata.

Jioni zangu huishia kwenye kundi moja la WhatsApp la midahalo. Wakristo upande mmoja, sisi tusioamini upande mwingine, tunabishana kuhusu maadili na haki ya Mungu. Huko najiita Jembe. Mpinzani wangu mkubwa ni mchungaji mmoja wa Nyashimo, Elikana, ambaye hatujawahi kuonana. Ni mtu mpole mpaka anakera. Unamtukania imani yake, anakujibu "asante kwa hoja yako ndugu yangu," kisha anaandika kwa utaratibu, na alama zote za uandishi zipo mahali pake.

Alhamisi aliuliza swali moja tu. Mtu amefanya ubaya, hakuna aliyemwona, hakuna sheria iliyomgusa, na anaishi maisha yake vizuri. Kama Mungu hayupo, nani atamhukumu?

Nilimjibu aya nne. Jamii, dhamiri, sheria, vizazi vijavyo. Nikamalizia kwa kejeli kwamba anayehitaji askari mbinguni ili asiibe ni mwizi aliye likizo. Vidole gumba vikamiminika. Nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa saa nane mchana simu ikaita. Alikuwa mama Sayi, jirani wa mama yangu kule Sapiwi. Mama ameanguka shambani. Ameshazinduka, anaongea, wamempa uji wenye sukari, nisiwe na wasiwasi, ila nije.

Mama ana kisukari. Daktari alimwambia mbele yangu, kwa Kiswahili na tena kwa Kisukuma ili asisingizie lugha, kwamba kufunga chakula basi. Mama akaitikia vizuri, akamshukuru, "wabeja, baba," na kila Ijumaa akaendelea kufunga kama zamani. Tangu asubuhi mpaka jua lizame hagusi hata maji. Amefanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Kwenye kundi nimeshamtumia kama mfano, bila kumtaja: mama mkulima wa pamba anayejinyima chakula kila wiki kwa ajili ya Mungu ambaye hajawahi kumjibu hata ujumbe mfupi. Mfano ule ulipendwa.

Jana Jumamosi nikapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa napanga hoja. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza ninayotaka kuiandika leo: mama yangu kaanguka, na mimi nilikuwa naenda kumshinda kwenye mdahalo.

Ni msimu wa kupulizia dawa. Pamba imeanza kutoa vitumba, watu wako mashambani na mabomba mgongoni, na harufu inakufikia kabla hujaliona shamba. Harufu ile mimi siiwezi. Nilimwambia dereva aongeze mwendo, akadhani nina haraka.

Nilimkuta mama kwenye kigoda, kivulini mwa nyumba, anachambua mlenda kwenye ungo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kukusalimia."

"Salimia basi. Halafu ugombeze."

Nikagombeza. Nilizimwaga zote. Mungu gani huyo anayefurahi mgonjwa akianguka juani? Kama ameshakusamehe dhambi zako, anadai nini tena? Na kama hajakusamehe, hizi Ijumaa zote zimeenda wapi? Nilikuwa katika siku yangu nzuri. Mchungaji Elikana asingechomoka.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vinachambua. Kisha akauweka ungo chini, akanyoosha viganja mbele yake, akavitazama.

"Wewe unasoma makaratasi yako, baba. Mimi nasoma hii mikono. Siku ile ya Milembe, mimi ndiye niliyechanganya dawa ya pamba asubuhi. Mtoto akaja, anasema njaa. Nikampa matobolwa kwa mkono huu. Sikunawa."

Milembe alikuwa mdogo wangu. Alikuwa na miaka minne, mimi kumi na miwili.

"Padri alishaniondolea," mama akaendelea. "Mara nyingi, mpaka amechoka kunisikia. Mungu naye naona ameshasamehe. Mimi ndiye bado. Ilikuwa siku ya Ijumaa."

Akauchukua ungo wake, akaendelea na mlenda.

Nilikaa pale nikayaona mambo ya miaka ishirini na minne yakijipanga. Mama hampi mtu chakula kwa mkono. Hata kipande cha muhogo hukiweka kwenye sahani, akakusukumia. Wajukuu, watoto wa ndugu zangu, wakimjia na vinywa wazi kama watoto wote wanavyofanya kwa bibi zao, yeye hutafuta kijiko. Majirani wanasema anaringa. Sisi nyumbani tulidhani ni usafi, na tulimtania kwa hilo. Matobolwa hali kabisa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, chakula cha kila nyumba ya Kisukuma, kwake havijaingia tangu msiba ule. Alisema vinamletea kiungulia, nasi tukaamini.

Haikuwa mikono yake.

Sijawahi kuandika hili popote. Naliandika sasa, na kwaya ya nyuma ya soko imeingia wimbo wa pili.

Siku ile nilitumwa kisimani kuleta maji ya kunywa shambani. Nilikuwa na kibuyu cha mama, kile kikubwa alichopewa na mama yake. Nikakizungusha kwa kamba yake, mchezo tu, kikapiga jiwe, kikapasuka. Fimbo ya baba niliiona inakuja. Pale kisimani watu walikuwa wakichanganyia dawa, na chupa tupu zilikuwa zimetupwa kwenye nyasi. Wakati ule chupa ya dawa ya pamba haikupotea bure. Iliyokwisha ilisuguliwa kwa mchanga, ikawekewa mafuta ya taa, na wako waliowekea maziwa. Nilishaona watu wazima wakifanya. Nikaokota moja, nikaisugua ndani na nje, nikaisuuza mara tatu. Nakumbuka kwa sababu nilihesabu. Nikajaza maji.

Milembe alikuwa mwanzoni mwa shamba, kwenye kivuli cha mgunga. Wakubwa walikuwa mbali, wameinama wanapalilia. Yeye ndiye aliyeniona wa kwanza. Aliomba maji, nikampa.

Alipokuwa anakunywa nikaona maji yana weupe. Kidogo tu, kama ya kuoshea mchele. Nikamnyang'anya, nikayamwaga yaliyobaki. Nikaenda kwenye kichuguu, nikaisukuma ile chupa kwenye shimo, nikaziba kwa udongo. Kisha nikaenda kwa baba, nikasema kibuyu kimeanguka nikiwa nakimbia. Nikachapwa, nikalia, nikaona yameisha.

Haukupita muda Milembe akaanza kutapika. Mate yakamtoka hayakatiki. Baba akampakia kwenye baiskeli, mama akamshikilia kwa nyuma, mimi nikakimbia nao mpaka zahanati. Mganga akauliza, amekunywa nini? Baba akasema hajui. Mama akasema mtoto amekula matobolwa tu. Mganga akauliza tena, akatutazama mmoja mmoja, na mimi pia akanitazama. Nilikuwa nimepewa baiskeli niishike.

Sikusema.

Sijui kama kusema kungemwokoa. Nimesoma sana kuhusu zile dawa, zaidi ya mtu yeyote mwenye duka la fotokopi anavyohitaji kusoma. Siku nyingine naona ndiyo, siku nyingine naona hapana. Chupa ilikuwa kosa la mtoto aliyeogopa fimbo, na mtoto yule naweza kumsamehe. Lakini niliulizwa mara mbili, na jibu nilikuwa nalo.

Watu hudhani niliacha kuamini kwa sababu ya vitabu. Niliacha palepale msibani. Katekista alisimama akasema Mungu amempenda zaidi, watu wakaitikia, kijiji kizima kikamkabidhi Mungu lile jambo na kurudi nyumbani kupika. Mimi ndiye mtu pekee pale niliyejua kwa hakika kwamba Mungu hakuhusika. Nakumbuka nilimwonea hata huruma, namna alivyosingiziwa mbele ya watu wote na asijitetee. Hoja zangu nyingine zote zilikuja baadaye, nami nimezijenga juu ya hiyo.

Mwaka jana niliandika kwenye kundi andiko refu, pengine ndilo bora kuliko yote niliyoandika. Niliuliza: haki gani hiyo ya Wakristo, asiye na kosa anabeba adhabu ya mwenye kosa, na mwenye kosa anatembea huru? Nikasema mahakama yoyote ya mwanzo hapa Simiyu ikihukumu hivyo, hakimu atafukuzwa. Mchungaji Elikana alijibu kwa upole kwamba anayeipokea adhabu kwa upendo si sawa na anayebambikiwa. Nikamcheka.

Wakati namcheka, mama yangu alikuwa anafunga Ijumaa yake. Kwa kosa langu. Wala hakulipokea kwa upendo; alibambikiwa. Na aliyembambikia ni mimi, kwa kukaa kimya tu, kila wiki, kwa miaka ishirini na minne, huku nikiandika kuhusu haki.

Mungu niliyekuwa nawashutumu Wakristo kwa ajili yake, yule anayemtazama asiye na hatia akiumia wakati neno moja lake lingetosha, sikumtafuta mbali.

Mtaniuliza kwa nini jana sikusema. Ningependa kuwaambia kwamba mgeni aliingia, au simu iliita. Hakuna aliyeingia. Mama alichambua mlenda wote ukaisha, akaupika, akanipakulia kwa upawa, akanisukumia sahani, tukala. Nafasi ilikuwepo, tena kubwa. Nilikuwa na neno mdomoni nikalimeza pamoja na ugali. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Usigombane na Mungu kwa ajili yangu, ng'wanone, mwanangu. Hajanifanya kitu." Nikapanda pikipiki.

Najua nilichoogopa. Mama ndiye mtu pekee anayenipenda bila kunitaka kwanza niokoke. Nikimpoteza yeye, sina mwingine. Nimeweka mezani mama mwenye kisukari upande mmoja na upweke wangu upande mwingine, na jana nikachagua upweke wangu usiongezeke. Nimeliandika hivyo ili nilione.

Na kuna jambo lingine ambalo sisi tusioamini huwa hatulisemi kwenye midahalo. Kinyozi wangu wa jirani akikosea ana mahali pa kwenda kupiga magoti na kusema nimekosa. Pengine hakuna anayesikiliza, mimi naamini hivyo, lakini walau anajisikia mwenyewe akilisema. Mimi nina kundi. Kundini unaweza kusema lolote kuhusu dhambi ya binadamu, ilimradi isiwe yako.

Leo alfajiri, kabla ya ibada yake, Mchungaji Elikana ameniandikia pembeni: "Ndugu Jembe, umekuwa kimya tangu juzi. U mzima?" Kundi lina watu wengi, na huyu ninayemcheka ndiye pekee aliyeuliza. Niliandika, "Swali lako la Alhamisi nilikujibu uongo." Nikafuta. Nikaandika, "Nipo, mchungaji. Niombee." Nikafuta neno la mwisho, nikatuma hilo la kwanza.

Jibu la kweli la swali lake ninalo sasa, na si zuri kwa upande wake wala wangu. Mtu akifanya ubaya na asionekane, hukumu haipotei. Inamwangukia aliye karibu naye, anayejali zaidi. Milembe alikufa, na katika nyumba nzima aliyejihukumu na kujiadhibu alikuwa yule ambaye hakufanya lolote. Kama kuna Mungu, aliona na akaacha iwe. Kama hayupo, basi wa kuiondoa hukumu ile juu ya mama hayupo mbinguni, yuko hapa dukani, na amekaa anasikiliza kwaya.

Sijaokoka. Msianze kunitumia mistari. Bado siamini, na pengine ndiyo maana siwezi kusubiri. Mkristo anaweza kufa na siri akijua kuna siku itafunuliwa. Kwangu mimi, nisipolisema hili, mama atakufa akiamini alimlisha mwanawe sumu, na hakuna siku nyingine yoyote, popote, atakapoambiwa kwamba haikuwa hivyo. Hiyo ndiyo imani yangu niliyoitetea kwa miaka yote, na leo imenibana mwenyewe.

Sasa ni saa tano, na ibada ya kigangoni kwao huisha saa sita. Nikiondoka sasa nitamkuta njiani anarudi, kabla hajafika nyumbani na kuanza kutafuta kijiko cha kuwapakulia wajukuu. Sijui nitaanzaje. Nadhani nitaanza na kibuyu, kwa sababu kile alikililia, na hajui hasa kilivunjikaje. Kisha kisima, chupa, mgunga. Kichuguu bado kipo, jana nimekiona kutoka barabarani. Akitaka ushahidi nitachimba mbele yake.

Naogopa atanipiga, na nina miaka thelathini na sita. Naogopa zaidi kwamba hatanipiga. Huenda akanisamehe harakaharaka na kumwingiza Mungu wake humo, na itanibidi ninyamaze nipokee. Huenda akanifukuza. Hilo pia litakuwa haki, na safari hii litakuwa limemwangukia mwenye kosa.

Nitabeba matobolwa. Wanauza pale sokoni, na mama anayeuza haendi ibada ya kwanza. Sina hakika kama ni wazo zuri au ni ukatili. Nitayaweka kwenye begi, sitayatoa mpaka nione uso wake. Nikiyatoa, nitamwomba anipe moja kwa mkono.

Andiko hili silichapishi sasa. Naliacha kwenye rasimu. Mama hasomi mtandao, simu yake ni ya kubonyeza, lakini haiwezekani mtu wa Dar au wa Mwanza, nisiyemjua hata sura, alijue hili kabla yake. Nitarudi nilichapishe nikishamwambia. Nikishindwa tena kama jana, litabaki humu nami nitabaki nalo, na ninyi hamtajua lolote.

Kwa hiyo kama unalisoma, mama ameshajua kwamba mikono yake ni safi.